Mgeni Alikuja, Mwenyeji Hakupona

Kwa siku mbili gari la matangazo lilizunguka kata yetu, kuanzia soko la machungwa hadi vitongoji vya juu kule milimani, likirudia neno lile lile: mgeni anakuja. Jina la mgeni lilitajwa kwa madaha, likavutwa, likarudiwa. Jina la mwenyekiti wa chama wa kata, mtu tuliyecheza naye chandimu na anayejua kila mfereji unaokatika masika, lilikuja mwishoni, pamoja na saa na mahali. Ilikuwa Julai 2023, Muheza, mkoani Tanga, msimu ambao barabara zetu zinajaa malori ya wanunuzi wa machungwa na watu wana pesa kidogo mfukoni. Nilikuwa nyumbani kwa wiki mbili. Nikaenda.

Nataka kueleza nilichokiona pale, maana naamini mkutano wa hadhara ni mali ya wananchi, na naona mali hiyo inatumika vibaya na watu wale wale walioteseka kuirudisha.

Mkutano ulitangazwa kuanza saa nane. Mgeni alifika saa kumi na dakika kumi, akiongozwa na bodaboda zisizopungua arobaini zilizowekewa mafuta asubuhi ile. Uwanja wa shule ya msingi ulifurika. Akina mama walikuwa wamekaa chini mbele, vijana juu ya ukuta na matawi ya mwembe, wazee kwenye viti vichache vya plastiki chini ya turubai. Ikasomwa dua, ukaimbwa wimbo wa chama, kikafuata kipindi cha utambulisho. Nilitazama saa: utambulisho peke yake ulichukua dakika 25, kutoka mjumbe wa mkoa hadi dereva wa msafara. Mwenyekiti wa kata alipewa dakika nne.

Dakika zile nne ndizo zilizonifanya niandike. Alisimama mbele ya watu wake, lakini mwili wake ulielekea meza kuu. Alimshukuru mgeni kwa kuja, akaeleza jinsi chama kilivyo imara katika kata, akataja matawi mapya na idadi ya wanachama, akaomba mgeni amwombee heri kwa viongozi wa juu. Sisi tuliokuwa mbele yake tulimwona kwa ubavu. Hakutaja machungwa. Hakutaja boma la zahanati ambalo wanakijiji walilijenga kwa michango na nguvu zao hadi likafika kwenye lenta, likasimama. Naye anajua habari ya boma lile kuliko mtu yeyote, kwa sababu alibeba mawe yake.

Kisha mgeni akazungumza kwa saa moja na dakika kumi. Alizungumza vizuri. Bunge lilikuwa limepitisha azimio la makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai tarehe 10 Juni, na nchi nzima ilikuwa haina jambo lingine la kujadili; DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, lilikuwa jina linalotajwa mpaka vijiweni kwa wacheza bao. Akazungumzia bandari, katiba mpya, deni la taifa na gharama za maisha. Mengi niliyakubali. Watu walishangilia, wakacheka alipotaka wacheke, wakanyamaza alipotaka wanyamaze. Baadaye vijana watano walipanda jukwaani kurudisha kadi za chama kingine, kadi zikainuliwa juu, picha zikapigwa, na mara mgeni akawa anapanda gari.

Mbele yangu alikuwa ameketi bibi mmoja wa kitongoji cha jirani. Katika pindo la kanga yake alifunga kikaratasi ambacho mjukuu wake alimwandikia. Lilikuwa swali moja: zahanati yetu itaezekwa lini? Alikuwa amempa mshereheshaji kikaratasi kile mara tu baada ya dua, mshereheshaji akakisoma, akakirudisha kwa adabu akisema, "Bibi, leo hakuna maswali, leo ni siku ya kumsikiliza mgeni." Bibi akakifunga tena kwenye pindo.

Sitakitaja chama, na nina sababu. Wiki sita baadaye chama kingine kilifika katika uwanja ule ule, na ndugu zangu waliohudhuria walinisimulia. Mgeni mwingine, msafara mrefu zaidi, fulana na kanga mpya. Mmoja alikuja kuushambulia mkataba wa bandari, mwingine akaja kuutetea. Kwa bibi yule mikutano yote miwili ilikuwa mmoja.

Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii ina ndani yake wazo zima la kisiasa. Mgeni anapokuja kuna kinachobadilika nyumbani: kuku anachinjwa, ua unafagiwa, ugomvi unasuluhishwa kwa sababu kuna mtu wa nje wa kusikiliza. Mwenyeji anapona kwa sababu mgeni ameona. Mkutano wa hadhara wenye mzungumzaji kutoka mbali ulikuwa na kazi hiyo hiyo, na watawala wameijua nguvu yake siku zote.

Tazama namna walivyoiogopa. Mapema mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimzuia Mwalimu Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara. Haikukifuta chama cha TANU nchi nzima. Ilichotaka kukata ni uzi unaomuunganisha mtu wa Lindi na mtu wa Mwanza, na uzi huo ulikuwa mtu anayesafiri na kusema. Miaka karibu sitini baadaye hali ikajirudia kwa namna ambayo inafaa kukumbukwa kwa usahihi. Katikati ya mwaka 2016 mikutano ya vyama ilipigwa marufuku, na Rais Magufuli akafafanua kwamba mbunge au diwani aliyechaguliwa angeweza kukutana na watu wake, katika jimbo lake au kata yake. Tunazoea kusema mikutano ilizuiwa. Kilichozuiwa hasa ni mgeni. Mbunge wa Hai asizungumze Kigoma, mbunge wa Kigoma asizungumze Hai. Kila kata ibaki na shida zake, isijue kwamba kata ya mbali ina shida ile ile na pengine imepata dawa yake.

Sheria yenyewe haikuwa inataka hivyo. Sheria ya Vyama vya Siasa na Sheria ya Jeshi la Polisi zinataka chama kitoe taarifa kwa polisi wa eneo saa 48 kabla ya mkutano. Ni taarifa, si ombi la kibali. Lakini kwa zaidi ya miaka sita taarifa iligeuzwa kuwa ombi, na ombi likawa na jibu moja. Kabla ya hapo damu ilikuwa imeshamwagika. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mahali ambapo viongozi wa kitaifa wa CHADEMA walikwenda kufungua tawi. Tawi tu. Wageni wamekwenda kijijini kufungua tawi, na mwandishi akarudi ndani ya jeneza. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Juni 2013, bomu lilirushwa katika uwanja wa Soweto jijini Arusha, kwenye mkutano wa kufunga kampeni za uchaguzi mdogo wa madiwani. Udiwani wa kata ulikuwa na viongozi wa taifa jukwaani, na watu waliokwenda kuwasikiliza walikufa.

Kwa hiyo Rais Samia alipotangaza tarehe 3 Januari 2023, mbele ya viongozi wa vyama, kwamba mikutano ya hadhara imeruhusiwa, mimi nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu cha marehemu. Tarehe 21 mwezi ule CHADEMA ikafanya mkutano katika viwanja vya Furahisha, Mwanza. Na wala sidai kwamba mlango ulifunguliwa ukabaki wazi. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mbinga mara baada ya kuhutubia mkutano, akafikishwa mahakamani kwa shtaka la uhaini. Mbinga kwake ni ugenini. Mgeni bado anaogopwa.

Ndiyo maana nasikitika. Mgeni ambaye watu wamelazwa mahabusu kwa ajili yake, mgeni ambaye watu wameuawa wakimsubiri, anapofika hatimaye kwenye kata yangu, anatumiaje saa yake?

Tufanye hesabu ndogo. Tanzania ina kata zinazokaribia 4,000. Kiongozi wa kitaifa akifanya ziara ya siku 50 mfululizo, kila siku mikutano mitatu, atakuwa amegusa kata 150. Yaani kata ya kawaida ikimwona mara moja katika miaka mitano imebahatika. Saa ile ni adimu kuliko mvua ya Januari. Na hotuba juu ya bandari tayari tuliisikia redioni, tuliiona kwenye simu, tutaisikia tena kesho akiwa Korogwe. Kitu pekee ambacho mgeni angeweza kukipata Muheza, na asikipate redioni, ni Muheza yenyewe.

Sisemi mambo ya kitaifa yaachwe. Kinyume chake, yaletwe, lakini yafungwe kwenye mti wa mahali. Pale uwanjani kulikuwa na mamia ya wakulima ambao bei ya tunda lao hupangwa na dalali shambani, tunda likiwa bado mtini, kwa sababu mkulima hana ghala na chungwa halisubiri. Wanunuzi wengi wanatoka Kenya. Mtu anayetaka kuzungumza juu ya mikataba, juu ya nani anapanga bei na nani anashika mlango wa kutokea mali, hakuhitaji kwenda bandarini. Angeuliza swali moja: "Mwaka huu dalali amewapa shilingi ngapi kwa chungwa?" Uwanja ungemfundisha somo lake lote, na angeondoka nalo mpaka Dodoma. Hakuuliza, na hakuna aliyemwambia aulize.

Kwa nini mwenyeji wake hakumwambia? Hapa ndipo pana kiini, nami ningependa tupachimbe badala ya kulaumu tabia za watu. Mwenyekiti yule wa kata ni mtu mwema. Lakini anataka udiwani, na katika nchi hii hakuna mgombea binafsi. Huwezi kugombea udiwani, ubunge wala urais bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema si kazi yake kuamua, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Katazo lipo hadi leo. Matokeo yake ni kwamba njia ya udiwani inapita kwa watu wawili: mpigakura wa kata, na kikao cha juu chenye uwezo wa kukata jina. Mpigakura anakuja baada ya miaka mitano. Kikao kinakuja kwanza. Mwaka 2020, ndani ya CCM, tuliona walioongoza kura za maoni katika majimbo kadhaa wakiachwa na majina mengine kurudishwa. Mwanasiasa wa kata akiyaona hayo hujifunza akabili upande gani anaposhika kipaza sauti. Ule ubavu tuliouona ndio hesabu yake.

Mgeni naye ana hesabu yake: nyomi. Picha iliyopigwa kutoka juu ya gari, ikionyesha vichwa tu mpaka kwenye miembe, ndiyo ripoti ya ziara. Lakini historia yetu imeshatuonyesha uzito wa nyomi. Mwaka 1995 Augustino Mrema, mgombea wa upinzani, alifikia mahali ambapo wafuasi walilisukuma gari lake kwa mikono, injini imezimwa; alipata asilimia 27.8 ya kura za urais, na Benjamin Mkapa akashinda kwa 61.8. Mwaka 2015 viwanja vya Edward Lowassa, naye wa upinzani, vilifurika kila mkoa, akaishia karibu asilimia 40. Waliopinga hesabu za kura walikuwa na hoja zao, na sizidharau. Lakini chama ambacho kinamaliza mkutano, kinakunja turubai na kuacha uwanja mtupu, kinamwacha nani pale wa kulinda kura za bibi yule siku ya uchaguzi? Wakala anatoka katika tawi, na tawi hukaa pamoja kwa sababu lina jambo la kufanya, la zahanati, la maji, la dalali, miezi yote ambayo mgeni hayupo.

Watu wa TANU walilijua hilo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam kabla ya kuongoza wanawake wa chama mwaka 1955, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kwenda kwenye vikundi vya ngoma vilivyokuwepo tayari, vyenye viongozi wao na mifuko yao, na kuvigeuza kuwa nguvu ya chama. Aliingia mahali penye watu wanaofahamiana, akaondoka, wakabaki wakifahamiana zaidi, wakiwa na kadi. Wala usifikiri walimsikiliza tu. Wanawake wa vikundi vile walikuwa na biashara zao, ndoa zao na malalamiko yao, na hawakununua kadi bila kujua inawafaa nini.

Nirudi Muheza. Siku tisa baada ya mkutano ule wa hadhara kulikuwa na mkutano mwingine, ambao gari la matangazo halikuutangaza. Ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria za serikali za mitaa unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, awe na chama au asiwe nacho. Mapato na matumizi husomwa pale. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano ule ukubali. Hakuna jukwaa la mgeni yeyote nchini lenye mamlaka hayo juu ya shamba lako.

Tulihudhuria watu 37. Niliwahesabu kwa uchungu, kwa kuwa uwanja ulikuwa ule ule na mwembe ule ule.

Najua kwa nini wengine hawakuja. Mikutano ya kijiji imewachosha: hupita muda mrefu bila kuitishwa, taarifa husomwa haraka bila nakala, anayeuliza sana huitwa mkorofi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, ambao vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, uliwaachia wenyeviti ambao hawakupita mkononi mwao. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kuchagua wimbo na spika kuliko kukaa juani akisomewa takwimu. Lakini hapo ndipo mgeni angekuwa wa thamani. Fikiria angesema jukwaani, dakika mbili tu: "Tarehe fulani mna mkutano wa kijiji. Nendeni nyote. Dai taarifa ya michango ya zahanati. Mwenyekiti wangu wa kata atakuwepo, na mimi nitampigia simu jioni ile nijue mmejibiwa nini." Maelfu waliokuja kumwona, hata robo yao wangekwenda, na mtendaji angesimama mbele ya umati ambao hajapata kuuona. Sentensi hizo hazihitaji chama kushika dola. Mpinzani anaweza kuzisema, aliye madarakani anaweza kuzisema.

Naomba pia, na nalisema hili kwa vyama vyote viwili vilivyopita kwetu, nusu saa ya maswali. Najua hofu iliyopo: mtu atapandikizwa, atatukana, atauliza jambo ambalo mgeni hana jibu lake. Na asiwe na jibu. Mwanasiasa anayesema "sijui, nitakwenda kuuliza" mbele ya uwanja uliojaa atakuwa ameniachia kitu ambacho sijawahi kupewa na hotuba yoyote, yaani deni ambalo kila mtu aliyesikia anaweza kumdai.

Katika mkutano ule wa watu 37, bibi alinyoosha mkono. Alifungua pindo la kanga, akampa mjukuu wake kikaratasi, mjukuu akasoma: zahanati yetu itaezekwa lini? Mtendaji wa kijiji alipekua faili. Akasema halmashauri ya wilaya ilikuwa tayari kulipokea boma lile kwenye mpango wa umaliziaji, lakini ilitaka kwanza barua ya kijiji, ikiwa na muhtasari wa mkutano mkuu na makadirio ya fundi. Makadirio yalikuwepo. Barua haikuwahi kuandikwa, kwa sababu mkutano mkuu uliotangulia haukutimiza akidi na muhtasari haukuwa halali. Akauliza kama leo tunaweza kupitisha. Mzee mmoja akasema tuhesabiane kwanza. Vijana wawili wakatumwa sokoni kuita watu, wakarudi na wapakia machungwa wakiwa bado na magunia mabegani, na wengine wakafuata kuona kuna nini.

Barua ilipelekwa Muheza mjini Ijumaa, kwa bodaboda. Mwenyekiti wa chama wa kata ndiye aliyeweka mafuta.